Vali ya Bustani ya Kessler

San Antonio, Texas
9 Septemba 2024

Mdogo wangu Chemo,

Usiichane kwanza. Najua umeutambua mwandiko tangu kwenye bahasha. Barua hii anakuletea Ciriaco, yule wa gari la vifurushi, kwa sababu namba zako zote za simu nilizo nazo zinaniambia hazipo. Nimemsihi akukabidhi mkononi, asimwachie Mama. Mama akimpata wa kumsomea, Múzquiz nzima itakuwa imeisikia kabla ya chakula cha mchana.

Huku hali ya maji ni mbaya. Jiji limeturuhusu kumwagilia siku moja tu kwa wiki, kwa kufuata namba ya nyumba, na sasa majirani wanachunguzana kama polisi. Juzi mzee mmoja aliniita, analalamika vinyunyizio vyake vinafunguka vyenyewe siku isiyoruhusiwa. "Nyumba hii ina pepo," akaniambia. Kumbe mjukuu wake yuko Chicago na anaifungua bustani kwa simu. Siku hizi visanduku vyote vya saa vya kufungulia maji vinazungumza na simu, Chemo. Ungecheka.

Nina mafundi sita, na hakuna hata mmoja anayechimba mtaro ulionyooka kama wako. Wananikata waya, wananivunja bomba, halafu wananiangalia mimi. Rudi. Huhitaji leseni, utafanya kazi chini ya yangu. Chumba cha nyuma kipo, kitanda kipo.

Jambo jingine. Bi Kessler alinipigia. Ndiyo, huyo huyo. Anataka maji ya bustani yarudishwe. Hayajafunguliwa tangu mwaka ule. Aliulizia habari zako.

Mama macho yake yanaendeleaje?

Kaka yako,
Leobardo


Múzquiz, Coahuila
22 Septemba 2024

Leobardo,

Macho ya Mama ni mazima kuliko yangu. Anaona hata vumbi nililoliacha chini ya jiko.

Mimi nafanya kazi kwenye kitalu cha miche ya miti ya pekani cha don Evelio. Natembea na mpira wa maji kuanzia asubuhi, mche mmoja mmoja. Hakuna kisanduku cha saa, hakuna vali, hakuna karatasi ya kusaini. Nikikosea, mche unakauka, napanda mwingine. Kazi ya namna hiyo ndiyo ninayoiweza.

Unaniambia nirudi. Wewe ulikuwepo siku bodi ya leseni iliponisomea mashtaka. Fundi Anselmo Barragán, yaani mimi, alisaini, Oktoba 2019, kwamba kwenye bustani ya Kessler amefunga vali ya kuzuia maji ya bustani yasirudi kwenye maji ya kunywa. Aprili 2021 bomba kuu la mtaa likapasuka, presha ikashuka, na maji ya bustani, pamoja na mbolea na dawa ya wadudu vilivyokuwa kwenye lile tangi lililounganishwa na vinyunyizio, yakanyonywa mpaka jikoni. Bwana Walter akayanywa. Figo zikaharibika. Julai akafa. Wakaguzi walipochimba hawakukuta vali. Walikuta kipande cha bomba tupu. Fundi wa namna hiyo unamrudisha kwenye bustani za watu?

Nilikuwa na hakika kwamba niliifunga. Hilo unalijua, nililisema mbele ya wote. Lakini wiki ile tulifunga nyumba nne, na nilipojaribu kuikumbuka ile ya Kessler peke yake, picha zikachanganyika. Ndiyo maana nikakuuliza kwenye korido: "Baada ya ile baridi kali ya Februari, kuna mtu alipita pale?" Ukaniambia hakuna. Basi kama hakuna mwingine aliyepagusa, ni mimi.

Mke wangu Rosenda aliniambia wakati ule, "Niangalie machoni useme uliifunga, na mimi nitasimama na wewe mpaka mwisho." Nikashindwa kusema. Alingoja kidogo, akaenda kumwogesha mtoto. Baada ya hapo mengine yalikuwa makaratasi ya talaka.

Nataka unijibu kitu kimoja tu. Wewe ndiye uliyepita kukagua baada yangu, Oktoba ile. Uliiona vali au hukuiona? Usinihurumie. Nijibu.

Anselmo


San Antonio
13 Oktoba 2024

Chemo mdogo wangu,

Nimefurahi kuona mwandiko wako hata kama umeniandikia kama mtoza ushuru.

Nilikwenda kwa Bi Kessler. Bustani imebaki nusu. Ukoka wa mbele umekufa wote, na ile miti miwili ya waridi aliyoipanda mumewe imebaki kwa sababu anaimwagilia mwenyewe kwa kopo. Mama wa miaka sabini na tisa! Nilimwuliza anakwenda mara ngapi bombani. Akasema, "Mara kumi na tisa asubuhi. Nahesabu ili nisimfikirie Walter." Akanikalisha jikoni, akanipa kahawa na keki ya tufaha. Aliponimiminia akasema, "Wewe sikulaumu, Leobardo. Hata mdogo wako namwombea. Kijana yule alikuwa mpole, sijui ilikuwaje." Nimemwambia nitamfungia mfumo mzima upya bila kumtoza kitu.

Kuhusu swali lako, ni zamani, Chemo. Nilikagua nyumba ngapi mwaka ule? Kumbukumbu ya mtu ina mipaka. Nakushauri uyaache hayo, yanakula afya yako bure. Mtu hawezi kuishi ndani ya shimo alilochimba miaka mitano iliyopita.

Ciriaco ana koti la Mama, la sufu, rangi ya zambarau. Mwambie asiliweke kabatini kama lile jingine, alivae.

Leobardo


Múzquiz
4 Novemba 2024

Leobardo,

Nimekuuliza kitu kimoja, umenitumia koti.

Mama amelivaa. Anasema linamwasha shingoni.

Ngoja nikwambie jinsi tulivyoadhimisha siku ya marehemu mwaka huu, maana ninyi huko siku hizi mnanunua maboga ya plastiki tu. Mama alipanga meza kama kawaida: picha ya Baba, mkate, tamale za mahindi, sigara yake moja. Pembeni anaweka mshumaa mwingine, hauna picha. Ni wa Bwana Walter. Ameuweka kila mwaka tangu nirudi, na kila mwaka ananiita mimi niuwashe. "Uwashe wewe," anasema, "mimi sikumfanyia kitu." Halafu ananisimamia mpaka nimalize kusali. Hanitukani. Ananipikia, ananifulia, ananiuliza kama nimekula. Lakini tangu siku ile hajawahi kunishika bega.

Mwaka huu nilipokuwa nimepiga magoti nikaamua kumaliza. Nimechoka kusema labda. Nilikwenda kwa padre nikamwambia: nilisaini kwamba nimefanya kitu ambacho sikukifanya, na mtu akafa. Kutamka maneno yale bila "labda" kulinipa nafuu ya ajabu. Nililala mchana kutwa kama mgonjwa aliyeshuka homa.

Kwa hiyo usijisumbue kunijibu. Nimejijibu mwenyewe.

Humu ndani kuna bahasha nyingine, imefungwa. Ni ya Bi Kessler. Nimemwandikia kwamba vali sikuifunga, kwamba nilikuwa na haraka nikasaini, na kwamba mbele ya bodi nilisema uongo. Nimemwomba msamaha. Anwani yake nimeisahau, nami sitaki ipotee posta. Mpelekee mkononi. Hilo tu ndilo ninalokuomba, na sitakuomba jingine.

Anselmo


San Antonio
2 Desemba 2024

Anselmo,

Barua yako kwa Bi Kessler sikuipeleka. Ninayo hapa mezani, haijafunguliwa. Nitakurudishia.

Uliifunga vali. Uliifunga vizuri. Mimi ndiye niliyeitoa.

Nimeandika mistari hiyo miwili nikazunguka nyumba nzima. Sasa ngoja nikueleze kwa utaratibu, maana unastahili kujua yote.

Unakumbuka ile baridi ya Februari 2021. Wewe ulikuwa huko Múzquiz na Mama kwa operesheni ya macho, na barabara zilikuwa zimefungwa. Huku jiji lote lilikuwa limepasuka. Umeme hakuna, mabomba yanamwaga kila mtaa, simu yangu inalia mpaka betri inakufa. Bwana Walter alinipigia tarehe 19, asubuhi. Nikamkuta amesimama uani na koti la kulalia, maji yanaruka juu kama chemchemi. Vali yako ilikuwa imepasuka tumbo. Ni shaba, Chemo, lakini maji yaliganda ndani yake, na baridi ile ingepasua chochote. Haikuwa kosa lako wala la mtu yeyote.

Vali nyingine haikupatikana. Nilizunguka maduka matano. Watu walikuwa wanapigania viungio vya bomba kama mkate. Nikarudi nikamwambia, "Bwana Walter, nitakuwekea kipande cha bomba hapa ili maji ya nyumbani yarudi. Bustani usiifungue. Nipe siku mbili tatu nilete vali." Akasema, "Sawa, kijana, ili mradi mke wangu apate maji ya kuoga." Alinishikia bomba nikapaka gundi. Dakika ishirini nikawa nimeondoka.

Nyumba zilizonisubiri zilikuwa thelathini na kitu. Sikuandika popote. Vali zilipoingia madukani mwezi wa tatu, nilinunua kumi na nne nikazifunga zote kumi na nne. Ya Kessler ilikuwa imenitoka kabisa kichwani. Naapa kwa kaburi la Baba, ilikuwa imenitoka.

Nilikumbuka siku wakaguzi walipochimba. Nilisimama pale nikakiona kipande changu kwenye udongo. Nilikuwa nimefungua mdomo niseme. Mkaguzi akasema, "Nani alisaini hapa?" na wewe ukajibu, "Mimi." Kwa haraka ile yako, bila kuogopa, kwa sababu ulijua umefanya kazi yako. Nikafunga mdomo.

Nilijiambia, itakuwa faini, nitailipa mimi. Nilijiambia, mzee atapona. Halafu hakupona, na kusema ikawa ngumu kuliko kunyamaza. Uliponiuliza kwenye korido kama kuna mtu alipita pale, nilikuwa na nafasi ya kujibu neno moja. Nikajibu lile jingine. Nilikuona ukikubali. Nilikuona kabisa, Chemo, uso wako ukibadilika, ukianza kujishuku. Nikaenda nikawasha gari.

Sina cha kujitetea. Nilitaka kukuandikia kwamba niliogopa kwa ajili ya mafundi na familia zao. Nilishaandika hivyo, nikakata. Niliogopa kwa ajili yangu.

Jumamosi nilikwenda kwa Bi Kessler nikamwambia haya haya. Alikuwa anakata mkate. Akaweka kisu chini. Akauliza, "Walter alikuona ukiweka hilo bomba?" Nikasema alinishikia. "Ulimwambia ni la muda?" Nikasema nilimwambia siku mbili tatu. Akasukuma mkate pembeni. Halafu akasema, "Mwezi wa tatu aliniambia, Hannelore, mpigie yule fundi, amesahau bomba letu. Nikamwambia, mwache kijana wa watu apumue, mji mzima umevunjika. Mwezi wa nne jirani akaja na mbolea, majani yalikuwa yanaanza kuchipua, sote tukafurahi, tukafungua." Akasema tena, peke yake, "Nikamwambia amwache apumue."

Kisha akaniambia niondoke na nisirudi. Nilipokuwa mlangoni akasema, "Yule mwingine nilimwombea Mungu amsamehe. Miaka mitatu nilikuwa namsumbua Mungu kwa mtu asiye na kosa."

Bodi nimeiandikia pia. Nimeeleza yote, nimesaini.

Sikuombi kitu.

Leobardo


San Antonio
19 Januari 2025

Chemo,

Ciriaco anasema alikukabidhi barua getini kwa don Evelio na uliipokea kwa mikono miwili kwa sababu mpira wa maji ulikuwa umeudondosha. Zaidi ya hapo hajui. Amepita mara tatu tangu wakati huo, na kila mara amerudi mikono mitupu. Sikulaumu. Nataka tu kujua kama uko salama.

Bodi imenijibu. Leseni yangu wamekwisha kuifuta. Watakuandikia na wewe barua yako, ya kusafisha jina lako. Nimewapa anwani ya Mama. Ukiitaka leseni utarudishiwa. Mafundi wangu watatu wamepata kazi kwingine, watatu bado. Gari kubwa nimeliuza. Mchana nakaa uani naangalia vinyunyizio vya jirani vinavyorusha maji barabarani kwa sababu vimeelekezwa vibaya, na siruhusiwi hata kuvigusa.

Bi Kessler ameniomba anwani yako kupitia mpwa wake. Nimempa.

Leobardo


Múzquiz
16 Februari 2025

Leobardo,

Mimi ni Mama yako. Anayeandika ni Anselmo, maana mimi unajua sikwenda shule. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asipambe.

Barua yako alikaa nayo mfukoni wiki tisa. Nilidhani ni mwanamke. Nilimtania, nikasema, huyo anayekuandikia hana simu? Alhamisi akanikalisha akanisomea. Nikamwambia, "Umesoma vibaya, rudia." Akarudia. Nikamwambia, "Leobardo hawezi." Akanipa karatasi niangalie mwandiko, kana kwamba mimi najua kusoma, na nikautambua, kwa sababu hiyo herufi ya kwanza ya jina lako unaiandika na mkia tangu una miaka saba.

Nilikuzaa wewe kwanza. Nilipokuwa kazini nilikuachia huyu umlinde. Ulimlinda. Ulipigana na watoto wa Treviño ukavunjwa jino kwa ajili yake. Sasa niambie, huyo aliyevunjwa jino alikwenda wapi? Nani alikaa kwenye kiti chako siku ile mbele ya wakubwa? Mimi simjui.

Koti lako nimelivua. Nimempa mke wa Ciriaco.

Sina la kukutukana, nimezeeka. Ungeniambia mwanzoni ningelia, ningekupiga kofi, ningekupikia. Ungekuwa umekosa kama mtu. Mtu anasahau bomba. Lakini ukakaa unamwangalia mwenzako akijila mwenyewe, na mimi nikamsaidia kujila. Hilo la kwangu naomba uliandike sawasawa, Anselmo. Mbona umeacha kuandika?

(Sijaacha, Mama. Naandika.)

Andika kwamba nilimwashisha mshumaa mara nne. Mwanangu, damu yangu, nilimpigisha magoti mara nne kwa mtu ambaye hakumfanyia kitu, nikasimama nyuma yake nihakikishe anasali. Alikuja kwangu akaniambia, "Mama, nadhani niliifunga." Nadhani, alisema hivyo, wiki ya kwanza aliporudi. Nikamjibu, "Wakubwa wamesema hukuifunga." Nilimwamini mtu wa ofisi nisiyemjua, sikumwamini huyu. Andika. Andika kwamba nakuomba msamaha, Anselmo. Si yeye, wewe. Usiangalie karatasi, niangalie mimi.

*

Leobardo, sasa ninaandika mwenyewe. Mama amekwenda kujilaza. Aliniwekea mkono begani akauacha hapo, na mimi mtu mzima wa miaka arobaini na mitatu nikalia mpaka majirani wakaja kuuliza kama kuna msiba.

Barua ya bodi imefika. Sijui kama nitaitaka leseni. Bi Kessler naye ameniandikia, kurasa mbili. Nitamjibu, lakini yaliyomo ni yangu na yake.

Nilimpigia Rosenda kwa simu ya don Evelio. Nilimwambia, "Niliifunga." Akasema, "Najua, Chemo. Mimi nilijua siku zote. Wewe ndiye ulikuwa hujui." Ameolewa, ana mtoto mwingine, nilikuwa nimesikia. Aliniuliza kama nakula vizuri. Nikasema ndiyo. Mume wake akaita kutoka mlangoni, tukaagana.

Na ile siku imenirudia. Sikuitafuta. Nilikuwa nainywesha miche, ikaja yote. Jua la Oktoba, Bwana Walter amekaa kwenye kiti cha turubai ananiuliza hiyo shaba ni ya nini. Nikamweleza. Nikamwambia, "Hii ni kwa ajili yako, ili maji ya majani yasije yakaingia kwenye chai yako." Akacheka. Nikaifunga, nikakaza, nikaipima na kipimo mara mbili kwa sababu mara ya kwanza mshale wake ulitetemeka. Halafu nikasaini. Miaka mitatu na nusu picha ile ilikuwa mle mle kichwani mwangu, na mimi nilikuwa naipita kama mtu anayepita nyumba yake mwenyewe akidhani ni ya jirani. Hilo ndilo sijui nikuambie nini, kaka. Mke, kazi, jina, hayo watu hupoteza. Lakini ulinifanya nisiiamini mikono yangu.

Usiniulize habari ya msamaha mwaka huu. Mwakani sijui.

Mama anataka uje Pasaka. Anasema atakupiga hilo kofi la zamani na baada ya hapo atakupikia, kwa mpangilio huo. Njoo kwa ajili yake, amezeeka kweli, usidanganywe na maneno yake. Mimi nitakuwepo. Nitakufungulia geti. Kuzungumza, sitazungumza.

Anselmo